Riwaya za Alberto Moravia na filamu zilizotokana nazo: tuanzie wapi?

Msomaji wa Ngara

Hamjambo wanajukwaa. Sisi ni kikundi kidogo cha wasomaji tunaokutana Jumamosi alasiri hapa Ngara, na kwa mkutano wa mwezi ujao tumekubaliana kumjadili Alberto Moravia, mwandishi wa riwaya wa Roma aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 1990. Uamuzi huo ulitokana na mwenzetu aliyepata nakala kuukuu ya La ciociara, katika tafsiri ya Kiingereza iitwayo Two Women, kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji. Aliisoma, akaja kutusimulia kwa hamasa iliyotuambukiza sote.

Shida iliyopo ni kwamba nakala ni moja nasi tuko wengi. Baadhi ya wanachama wanapendekeza tusijisumbue kupokezana kitabu, bali tukutane tutazame filamu ambayo Vittorio De Sica aliitengeneza kutokana na riwaya hiyo mwaka 1960, kisha tuijadili. Wanasema kuwa riwaya mashuhuri za Moravia karibu zote zimeigizwa kwenye sinema, tena na waelekezi wenye majina makubwa kama De Sica, Bertolucci na Godard, kwa hiyo mtu akitazama filamu hatakuwa amekosa mengi. Moyo wangu haukubali, lakini kila nikijaribu kuwajibu nakosa hoja yenye uzito.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, kwa mwandishi wa aina hii, filamu yaweza kushika nafasi ya riwaya? Pili, ni nini hasa katika maandishi yake kilichowavuta waelekezi wengi namna hiyo?

Mwalimu wa Fasihi, Buruburu

Ndugu Msomaji, shikilia msimamo wako, maana una msingi.

Nitaanza na swali la pili kwa kuwa ndilo linalofungua la kwanza. Moravia alipokuwa mtoto wa miaka tisa alishikwa na kifua kikuu cha mifupa, ugonjwa uliomlaza kitandani kwa miaka mingi na hatimaye kumfikisha katika hospitali ya wagonjwa wa aina hiyo huko Cortina d'Ampezzo, milimani kaskazini mwa Italia. Masomo ya shule hayakuendelea kama ya watoto wengine. Elimu yake kubwa aliipata kwa kusoma vitabu akiwa amelala. Riwaya yake ya kwanza, Gli indifferenti, aliianza akiwa kijana wa takriban miaka 18, na ilipotoka mwaka 1929 gharama ya kuichapisha haikutoka kwa mchapishaji bali kwake mwenyewe. Mimi naamini kwamba miaka hiyo ya kulala na kutazama ndiyo iliyomzaa mhusika anayejitokeza tena na tena katika kazi zake, yaani mtu anayeona kila kitu, anayefikiri bila kukoma, na ambaye wakati wa kutenda ukifika mkono wake haumtii. Katika riwaya hiyo kijana Michele anakwenda kumpiga risasi Leo, mpenzi wa mama yake ambaye sasa amemgeukia dada yake, anamwelekezea bastola, anafyatua, kisha anagundua kwamba alisahau kutia risasi.

Mwelekezi akisoma ukurasa kama huo anaona kazi yake imekwisha kuanza. Watu ni wachache, vyumba vichache, mlango unafunguliwa, taa inazimwa, mtu anaingia akiwa na jambo moyoni. Aidha, Moravia hakuwa mgeni katika sinema. Aliwahi kuandika miswada ya filamu ili apate riziki, na tangu miaka ya 1950 aliandika uhakiki wa filamu katika jarida la L'Espresso kwa miaka mingi. Anajua tukio linavyopangwa. Kwa hiyo riwaya zake zinawaita waelekezi, nao wakifika wanakuta kwamba nusu ya kitabu imo ndani ya kichwa cha mhusika, mahali ambapo kamera haiingii.

Chukua La ciociara yenyewe. Mwezi Septemba 1943 Moravia na mkewe Elsa Morante, ambaye naye ni mwandishi mkubwa wa riwaya, waliikimbia Roma iliyokuwa imeshikwa na Wajerumani, wakaishia katika kibanda cha milimani karibu na mji wa Fondi. Walikaa huko takriban miezi tisa, hadi majeshi ya Washirika yalipofika mwaka uliofuata. Kutokana na maisha hayo akatoa, mwaka 1957, riwaya inayosimuliwa katika nafsi ya kwanza na Cesira, mjane mwenye duka Roma. Na hapa ndipo ninapowaomba wenzako wasikilize vizuri: nguvu ya kitabu iko katika sauti ya huyo mama mwenye duka. Anahesabu. Anajua bei ya unga, ya mafuta na ya maharagwe, anajua kimepanda kiasi gani tangu wiki iliyopita, na mwanzoni anakiri bila aibu kwamba vita imemfaa kwa kuwa biashara ya magendo inamletea faida. Msomaji anampenda, kisha anajikuta anapenda mtu ambaye hakujali vita ilikuwa ya nani mradi duka linauza. Moravia amekunasa hapo, na hakuachii hadi ukurasa wa mwisho.

De Sica na mwandishi wake wa mswada, Cesare Zavattini, hawakuwa na njia ya kuileta sauti hiyo yote. Badala yake walimweka Sophia Loren. Anatembea kwenye barabara ya vumbi, sanduku likiwa kichwani, binti yake akimfuata, na katika mwendo ule unaona mwanamke wa shamba aliyewahi kuhamia mjini na ambaye mwili wake haujasahau. Ni uigizaji mkubwa mno. Tuzo ya Oscar aliyopewa kwa kazi hiyo ndiyo ya kwanza kumwendea mwigizaji kwa filamu isiyo ya Kiingereza, na sijui mtu anayeona kwamba hakuistahili. Lakini Cesira wa filamu ni mama shujaa tangu mwanzo. Yule mwenye mizani na daftari la madeni hayupo.

Kuna badiliko jingine ambalo watazamaji wengi hawalijui. Katika riwaya, Rosetta ni msichana wa miaka 18 hivi, mcha Mungu, aliyekaribia kuolewa. Katika filamu ni mtoto wa miaka 12 au 13. Sababu haikuwa ya kisanaa hata kidogo. Mpango wa awali ulikuwa Anna Magnani awe mama na Loren awe binti, Magnani akakataa, Loren, mwenye miaka 25, akapewa sehemu ya mama, na kwa umri huo ilibidi binti apunguzwe miaka. Uamuzi huo ukageuza simulizi nzima. Kitabuni, baada ya wanajeshi kumbaka ndani ya kanisa, Rosetta anabadilika kwa kurasa nyingi, anajitoa kwa wanaume huku mama yake akitazama bila kuwa na la kufanya, na sisi tunalazimika kukaa humo pamoja nao. Katika filamu mabadiliko hayo yamebanwa katika usiku mmoja: mtoto anatoroka na dereva wa lori, anarudi na soksi ndefu za kike alizozawadiwa, anapigwa na mama yake, kisha anaambiwa kwamba Michele, yule kijana msomi waliyekuwa naye milimani, ameuawa, naye analia kama mtoto. Mtazamaji naye analia, ila amepitishwa njia fupi.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kitabu kitangulie. Filamu ifuate, na mkiitazama mjiulize kila mara: hapa walibadilisha nini, na kwa nini?

Mpenda Sinema, Kilimani

Nakuheshimu sana, Mwalimu, na kuhusu Cesira sina pingamizi. Hata hivyo nisingependa kikundi cha Ngara kiondoke na wazo kwamba filamu daima ni riwaya iliyopungua. Ipo filamu moja ambayo, kwa maoni yangu, iliiona riwaya ya Moravia kwa undani kuliko Moravia alivyoiona mwenyewe. Ni Il conformista, riwaya ya mwaka 1951 na filamu ya Bernardo Bertolucci ya mwaka 1970. Bertolucci alikuwa hajafikisha miaka 30.

Hadithi yenyewe, kwa ambao hawajaisoma: Marcello Clerici anaamini kwamba utotoni aliua mtu, dereva aliyetaka kumnajisi, na tangu hapo hana shauku nyingine ila kuwa kama watu wote. Anaoa mke wa kawaida. Anajiunga na polisi wa siri wa utawala wa Mussolini. Anatumwa Paris, na fungate yake inatumiwa kama kificho, ili amtambulishe kwa wauaji Profesa Quadri, mwalimu wake wa zamani anayeupinga ufashisti kutoka uhamishoni. Msidhani kwamba hili ni jambo la kubuni tupu. Mwezi Juni 1937 ndugu wawili, Carlo na Nello Rosselli, waliokuwa wapinzani wa Mussolini, waliuawa nchini Ufaransa wakiwa garini, na ndugu hao ni watoto wa shangazi yake Moravia. Aliandika kuhusu mauaji ya watu wa ukoo wake, na akachagua kusimama upande wa mtu aliyewaelekeza wauaji ili aone ndani yake mna nini. Huo ni ujasiri ambao mimi kama msomaji bado unanitikisa.

Sasa angalieni alichofanya Bertolucci. Riwaya inakwenda kwa mfuatano, kuanzia utoto hadi mwisho. Filamu imevunja mfuatano huo na kutumia mbinu rejeshi: Marcello yumo garini alfajiri, akielekea kwenye mauaji, na maisha yake yote yanarudi vipande vipande kabla gari halijafika. Katika riwaya Marcello hayupo mauaji yanapotendeka. Anayapata habari zake baadaye gazetini. Bertolucci alimleta mpaka pale. Msitu una theluji, profesa amekwisha kuchomwa visu, na mkewe, Anna, anakimbilia gari la Marcello, anagonga kioo, anapiga kelele, uso wake uko karibu kabisa na wa Marcello na kati yao pana kioo tu. Jean-Louis Trintignant, aliyeigiza kama Marcello, hafungui mlango, hageuki, hasemi. Yule mtu wa Moravia ambaye mkono haumtii, aliyeelezwa na Mwalimu hapo juu, hajawahi kuonyeshwa wazi kuliko hapo, na hakuna sentensi hata moja ya kueleza fikira zake.

Mwisho nao umebadilishwa. Moravia anaiua familia nzima ya Marcello barabarani, kwa risasi za ndege, wanapoikimbia Roma baada ya Mussolini kuanguka. Kwangu mimi hiyo ni adhabu iliyoshuka kutoka juu, na inamwondolea Marcello mzigo wake haraka mno. Bertolucci anamwacha hai usiku ule ule wa anguko, akimkuta mtaani dereva ambaye kumbe hakufa, kisha akianza kumpigia kelele kwamba ndiye fashisti na ndiye muuaji. Mtu aliyetaka kufanana na wote anageuka pamoja na wote. Wakenya tuliokwisha kuona watu wakihama chama usiku na kuamka asubuhi wakiwalaani wenzao wa jana hatuhitaji kuelezwa hapo.

Ndugu Msomaji, kama muda unaruhusu, jadilini kazi hizo mbili katika mikutano miwili.

Binti wa Pumwani

Nimesoma maoni yenu yote kwa makini, na nashangaa kwamba jambo ambalo mimi lilinizuia nisilale limetajwa kwa maneno mawili tu, "wanajeshi kumbaka". Wanajeshi hao katika La ciociara ni Waafrika. Ni Wamoroko waliokuwa chini ya jeshi la Ufaransa, na uhalifu uliotendwa na vikosi hivyo katika vijiji vya eneo la Ciociaria mwezi Mei 1944, baada ya vita vya Monte Cassino, ni historia iliyothibitishwa. Sidai kwamba Moravia alizua. Ninachosema ni kwamba katika kitabu ambacho kila Mtaliano, hata mwizi, amepewa jina, njaa yake na sababu zake, wanaume hao wanaingia kama kundi, hawana jina, hawana neno linaloeleweka, na wanatoka. Walitoka wapi, nani aliwavalisha sare, nani aliwaongoza hadi pale? Kitabu hakiulizi.

Filamu inakaribia kuuliza, na hilo ni jambo ambalo Mwalimu hakulitaja. Baada ya tukio la kanisani, Cesira anaona gari la maofisa wa Kifaransa barabarani, analizuia, anawapigia kelele na kuwaonyesha binti yake. Wanamtazama kama mwanamke mwenye wazimu, na gari linaondoka. Hasira yake kwa wakubwa ni kali kuliko neno lolote alilowahi kuwaambia wale askari. Nilipoliona tukio hilo nilimkumbuka babu yangu, aliyekuwa askari wa King's African Rifles, kikosi cha Waafrika chini ya Waingereza, na kupigana na Waitaliano Ethiopia mwaka 1941. Alikuwa akisema kwamba askari Mwafrika alipokosa aliadhibiwa, na ofisa Mzungu alipoamuru kosa halikuonekana. Vita ile ile iliyompeleka Moravia kibandani iliwaleta Waitaliano wengi hapa Kenya kama wafungwa, na anayeteremka bonde kwa barabara ya zamani ya Naivasha bado anapita kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 karibu na Mai Mahiu. Kwa hiyo kikundi cha Ngara kisikubali kusoma kitabu hiki kana kwamba kinahusu watu wa mbali.

Tena Moravia alisafiri sana Afrika baadaye, na aliandika vitabu vitatu vya safari, mwaka 1972, 1981 na 1987. Jina la cha kwanza ni swali ambalo kila mkazi wa jiji hili amewahi kuulizwa: wewe ni wa kabila gani? Ana jicho zuri la mandhari, na hasemi kama mkoloni anayetoa amri. Lakini anapenda mno kuiona Afrika kama mahali ambapo historia haijaanza, na mtu aliyeandika kwa ukali namna ile juu ya uvivu wa fikira wa matajiri wa Roma alipaswa kuugundua uvivu huo alipokuwa huku kwetu.

Mwalimu wa Fasihi, Buruburu

Binti wa Pumwani, hoja yako ni nzito na naiunga mkono. Naongeza jambo moja kwa faida ya wanaoandaa mjadala: Cesira ndiye msimulizi, na mwanamke wa aina yake mwaka 1944 asingejua lolote kuhusu Moroko. Ukimya huo unaweza kuwa wa Cesira. Hata hivyo mwandishi ndiye aliyemchagua msimulizi huyo, na Moravia wa mwaka 1957 alijua mengi kuliko Cesira. Kwa hiyo swali lako linabaki kwake. Liwekeni mwanzoni mwa mjadala, msilingojee dakika za mwisho watu wakianza kutafuta matatu ya kurudi nyumbani.

Mfasiri, Eastleigh

Sijaona mtu akitaja Il disprezzo ya mwaka 1954, ambayo ndiyo inayolijibu swali la Msomaji moja kwa moja, kwa sababu ni riwaya kuhusu kazi yenyewe ya kugeuza kitabu kuwa filamu. Riccardo ni mwandishi aliyetamani kuandika tamthilia. Anaandika miswada ya filamu ili alipie nyumba ambayo mkewe Emilia ameitamani, kisha anaajiriwa kutayarisha mswada wa Odisea, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer kuhusu safari ya Odiseo kurudi kwa mkewe Penelope. Mtayarishaji anataka majitu na wanawake wasio na nguo. Mwelekezi Mjerumani anataka uchambuzi wa ndoa ya Odiseo na Penelope. Naye Riccardo haoni kwamba ndoa inayobomoka ni ya kwake. Kuna tukio dogo ambalo limebaki vilevile kitabuni na katika filamu ya Jean-Luc Godard ya mwaka 1963: gari la mtayarishaji lina nafasi ya watu wawili, mtayarishaji anamkaribisha mke, mke anasita na kumtazama mumewe, naye mume anamwambia nenda tu, nitafuata kwa teksi. Dharau ya mke inaanzia hapo, na mume atatumia sehemu yote ya kitabu iliyobaki akiuliza alikosa nini.

Nao watu waliogharimia filamu walimshinikiza Godard aongeze picha za Brigitte Bardot bila nguo, kwa hiyo mwelekezi akajikuta katika mtego ule ule alioueleza Moravia. Kama kikundi kina siku moja tu, naona hii ndiyo ingefaa kuliko zote.

Msomaji wa Ngara

Nawashukuru nyote. Nimewasomea wenzangu majibu haya, na tumekubaliana hivi. Hatutaanza na filamu. Kwa kuwa nguvu ya La ciociara iko katika sauti ya Cesira, mkutano wa kwanza tutaisoma sura ya mwanzo kwa sauti, kitabu kikipita mkono kwa mkono, kisha kila mmoja atapewa zamu yake ya kukaa na nakala hadi amalize, na baada ya hapo ndipo tutakapotazama kazi ya De Sica. Swali la Binti wa Pumwani kuhusu askari Wamoroko nimeliandika la kwanza katika orodha. Il conformista itafuata mwezi utakaokuja baada ya huo.

Kuhusu Il disprezzo, Mfasiri, hatujaipata nakala popote. Kama unayo na unaweza kuiazima kwa wiki chache, tafadhali nijulishe hapa hapa, nitakuja Eastleigh kuichukua mwenyewe.